Watoto Waliooshwa

Kwanza niseme hili, maana kuna watu hapa Mpanda ambao hadi leo wanaamini picha zangu zilikuwa mbovu. Picha zangu hazikuwa mbovu. Zilitoka vilevile zilivyoagizwa, na hilo ndilo linalonichoma.

Naitwa Josephina Lyamba. Studio yangu ilikuwa Majengo, chumba kimoja cha kupigia na kingine cha giza cha kusafishia picha, na kamera moja tu, ya Kirusi, nzito, ya chuma, niliyoinunua kwa mjiolojia aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Kamera ile haikuonyeshi kitu kupitia lensi. Unachungulia kidirisha kidogo cha pembeni, na katikati yake unaona sura mbili za kitu kilekile, moja imepauka, zimeachana kidogo. Unazungusha lensi taratibu mpaka zile mbili zikae pamoja. Zikikaa, unapiga. Kwa hiyo kila mara lazima utafute mstari wa kushika: ukingo wa kola, kovu, shanga, njia ya nywele. Uso mtupu na laini unateleza tu, hujui umeupata au umeukosa.

Mwaka 1996 watu walikuwa wameshaanza kunicheka. Silvester, jirani yangu, alikuwa na kamera ya plastiki na filamu za rangi. Alizituma Tabora kwa treni zikasafishwe, zikarudi baada ya wiki tatu, nyingine zimeungua, na bado watu walipanga foleni kwake. Za kwangu nyeusi na nyeupe waliziita picha za marehemu. Sasa siku Bwana Zakayo aliposimamisha gari mbele ya mlango wangu na si wa Silvester, nilifurahi, sitaficha.

Bwana Zakayo alikuwa mratibu wa shirika moja la misaada lililokuja wilayani kwetu vita vilipowaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwanamume nadhifu, shati limenyooka hata akitoka safari ya vumbi.

"Mama, za kwako zinatoka baada ya siku ngapi?" akaniuliza.

"Piga leo, chukua kesho."

"Basi wewe ndiye tunayekutaka."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na boti zilizojaa kupita kiasi. Mzazi akiona hapati nafasi, alimrushia mtoto mtu yeyote aliyekwisha panda. Watoto wakateremka Karema mikononi mwa watu wasiowajua, na wale watu nao wakaenda zao. Walibaki watoto arobaini na watatu, wengi wadogo, wasioweza kutaja hata jina la baba. Wazazi walikuwa wanaendelea kufika kidogo kidogo, leo Karema, kesho Ikola. Shirika lilitaka kila mtoto apigwe picha, picha zibandikwe kwenye ubao kila mahali boti zinapotia nanga, mzazi amtambue wake.

Tulifika Karema asubuhi. Watoto walikuwa kwenye ghala la mahindi lisilotumika, chini ya uangalizi wa mama mmoja wa Kisukuma aitwaye Minza, mwenye mwili na sauti, aliyewapikia uji na kuwalaza. Jua lilikuwa zuri. Sikutaka kupoteza muda, nikaanza na waliokuwa nje.

Wa kwanza alikuwa binti wa kama miaka miwili. Hakuwa anasema kitu. Kichwa kilikuwa kimenyolewa pande zote, kimeachwa kishungi kimoja juu ya paji la uso, upande wa kushoto. Alivaa shati la mtu mzima lililokatwa mikono, uji umekaukia kidevuni, na shingoni alikuwa na uzi wa shanga za bluu na moja nyeupe katikati. Nilishika ile shanga nyeupe kwenye kidirisha, sura mbili zikakaa pamoja, nikapiga. Wa pili alikuwa na kovu la moto kwenye nyusi. Wa tatu alikuwa na pindo la kitenge limefungwa kichwani na hakutaka liguswe. Nilipofika wa kumi na moja, Bwana Zakayo akatoka ghalani.

"Mama Lyamba, unapiga nini?"

"Si hawa watoto."

"Hivi walivyo?"

"Ndivyo walivyo."

Akanivuta pembeni, tena kwa upole, maana hakuwa mtu wa kufoka. "Hizi picha zitabandikwa hadharani. Zitafika makao makuu, wafadhili wataziona. Mtoto ana makamasi, ana shati la mtu mzima, ana mahirizi shingoni. Watauliza, nyie mnaowatunza mnafanya kazi gani? Mtoto naye ana hadhi yake, mama."

Jibu la kumpa Bwana Zakayo lilinijia wiki mbili baadaye. Siku ile sikuwa nalo, na nitasema kwa nini. Studio kwangu palikuwa na koti, tai, kitana, viatu vya kuazima na kopo la poda. Hakuna mtu Mpanda aliyepigwa picha kama alivyotoka nyumbani. Mkulima alitoka Kasokola kwa miguu, akifika kwangu alivaa koti lile na viatu vile hata kama vilimpwaya, na picha ikitoka alijitazama akaridhika. Mtoto akijichafua kabla ya picha alichapwa. Hiyo ndiyo heshima tuliyoijua. Kwa hiyo Bwana Zakayo aliposema hadhi, niliona ananisemea maneno yangu mwenyewe.

"Ni kweli," nikamwambia. "Waosheni kwanza."

Minza akawaosha kwa maji ya ziwa na sabuni ya kipande. Kisha akawanyoa wote upara, kwa sababu ya chawa, alisema, na chawa kweli walikuwepo. Bwana Zakayo mwenyewe alishika mkasi akakata nyuzi shingoni na viunoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa na hakupenda ushirikina. Lilifunguliwa robota la fulana nyeupe, zote sawa, wakavalishwa. Na mimi, bila kutumwa na mtu, nikatoa kopo langu la poda nikawapaka nyuso ili zisimeremete.

Mvua ikaanza, tukaingia ndani. Nyuma yao tulitundika shuka jeupe. Kila mtoto alining'iniziwa kibao cheusi kifuani chenye namba ya chaki. Mle ghalani mwanga ulikuwa hafifu, ikabidi nifungue lensi yote, na ukifungua lensi yote kinachotoka sawasawa ni kile tu ulichokilenga. Nikachungulia kidirishani kutafuta mstari wa kushika. Hakuna. Upara, poda, fulana nyeupe, shuka jeupe. Kitu pekee chenye ukingo kilikuwa ile namba. Nikashika namba. Mtoto wa kwanza namba, wa pili namba, mpaka wa arobaini na tatu.

Kesho yake nikiwa kwenye chumba changu cha giza niliona karatasi zinavyofufuka kwenye dawa, moja baada ya nyingine, na kila moja ilianza na namba. Chaki ilionekana mpaka chembechembe zake. Nyuma ya namba kulikuwa na uso wa duara, mweupe, umelainika. Nilizitundika zote arobaini na tatu kwenye kamba na nikashindwa kusema yupi msichana na yupi mvulana, mimi niliyekuwa nao siku nzima. Nikampelekea Bwana Zakayo, nikamwambia nyuso hazikukaa sawa, anipe siku moja nirudie nje kwenye jua.

Akazipitia moja moja. "Mbona namba zinasomeka vizuri sana?" akasema. "Safi kabisa, mama."

Zikabandikwa Karema na Ikola. Wiki ileile kukazuka kipindupindu kando ya ziwa, watoto wakahamishiwa Mpanda, kwenye nyumba ya kupanga njia ya kwenda Kasokola, na Minza akaja nao. Sheria nayo ikawekwa: mzazi haruhusiwi kuingia kuchagua kwa macho, asije mtu akajichukulia mtoto ovyo. Kwanza atambue picha ubaoni, ataje namba, ndipo aletwe kwa gari. Kwenye karatasi ilikuwa sheria nzuri.

Baada ya wiki mbili Bwana Zakayo akaingia studio, wateja wamekaa kwenye benchi. "Watoto sita tu wametambuliwa," akasema. "Wazazi wanapita wanatazama wanaondoka. Nadhani tatizo ni hizi picha zako nyeusi na nyeupe, mama. Labda tungempa Silvester apige za rangi."

Hapo ndipo lile jibu liliponitoka, mbele ya wateja wote. "Bwana Zakayo, ni mzazi gani ng'ambo ile amezaa mtoto mwenye poda? Ni nani amezaa mwenye upara na fulana yako? Mama anamjua mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, kwa alivyomnyoa na alivyomfunga shanga. Wewe umekata, Minza amenyoa, mimi nimepaka, halafu unasema rangi. Hata ungepiga rangi zote za dunia."

Nikatoa droo, nikamwekea mezani zile picha kumi na moja za mwanzo, nilizokuwa nimezisafisha pamoja na nyingine kwa kuwa zilikuwa kwenye filamu ileile. "Bandika hizi."

Akazitazama. Nikaona anaelewa, ndiyo maana nakasirika zaidi. Mtu asiyeelewa unaweza kumsamehe. "Hizi haziwezi kutoka na jina la shirika," akasema.

"Basi zitatoka na jina langu."

Jumatatu nikapanda lori la samaki linalorudi ziwani. Barabara ilikuwa imelowa, tukakwama kwenye tope Jumanne nzima, Jumatano jioni ndipo tukaingia Karema. Alhamisi asubuhi nikaenda kwenye ubao na nyundo na misumari mdomoni.

Pale ubaoni walikuwepo wanawake watatu wanne. Mmoja alisimama mbali kidogo na wenzake, msichana bado, labda miaka ishirini na miwili, kanga imefifia. Wenzake wakaniambia anaitwa Emelyne, Mrundi aliyekimbilia Kongo na sasa amekimbia tena, na kwamba kila asubuhi tangu Ijumaa anakuja anatazama picha zote kutoka juu mpaka chini, kisha anaanza upya.

Nilianza kupigilia zile zangu chini ya zile nyeupe. Sikuwa nimefika msumari wa tatu, mkono ukapita mbele ya uso wangu ukakaa juu ya picha ya kwanza. Ulikuwa wa Emelyne.

"Ni Aline," akasema.

"Una hakika, mwanangu?"

"Mama, shanga nilifunga mie. Uzi nilitoa kwa nyavu ya bwana wangu. Hii nyeupe ilikuwa ya mama yangu mzazi." Akaweka kidole kwenye kishungi. "Hapa naachaga nywele kushoto, kwa sababu hataki kulalia upande huu."

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza tu gari linaondoka saa ngapi.

Njia nzima mpaka Mpanda alizungumza. Alinieleza jinsi Aline anavyokula mihogo akaacha maharage, anavyomwita kuku kwa jina la baba yake. Nikacheka. Nilijisikia mtu mkubwa, sitaki kudanganya. Kichwani nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Bwana Zakayo, na nimeshamwona Silvester akisimuliwa. Tulifika Ijumaa mchana, nikamwongoza moja kwa moja mpaka ile nyumba, nikamwita Minza mlangoni, nikampa picha.

Minza akaitazama muda mrefu. "Huyu ndiye kumi na saba," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Kamlete basi. Mama yake huyu hapa."

"Dada Josephina, kumi na saba kaondoka Jumanne."

Kulikuwa na mwanamke aliyefika Ikola akimtafuta binti wa miaka miwili. Aliona ubao, akataja kumi na saba, akaletwa kwa gari. "Nilimwuliza kama ndiye kweli," Minza akasema. "Akasema amekonda, amebadilika, lakini ndiye. Mtoto hakulia, alimwendea tu. Jina lake hakuna aliyelijua. Ningemkatalia kwa lipi?" Siku ileile yule mama akapandishwa treni na mtoto mgongoni, washukie Kaliua, waendelee mpaka kambi za Kigoma. Jumanne. Mimi nilikuwa kwenye tope nasukuma lori.

Emelyne alikuwa amesikia yote. Hakutaka kukaa alipopewa kigoda. Tukaenda naye ofisini kwa Bwana Zakayo, Minza nyuma yetu.

Bwana Zakayo alifungua faili, akatuonyesha alama ya dole gumba. "Taratibu zilifuatwa," akasema. "Yule mama alimtambua kwenye picha."

"Kwenye picha ipi?" nikamwuliza. "Ile ambayo mimi mwenyewe nilishindwa kujua ni msichana au mvulana? Nilikuomba siku moja. Siku moja tu ya jua. Ukaniambia namba zinasomeka."

"Mama Lyamba, tafadhali, tusipandishe sauti mbele ya mzazi."

"Nitaipandisha. Aliyempoteza mtoto ni yeye, si wewe. Na yule mwingine hana kosa. Naye alikuwa anatafuta wa kwake, na wa kwake hajulikani yuko wapi, labda yumo kwenye nyumba ileile anaitwa thelathini na mbili."

Bwana Zakayo akashika kalamu, akasema ataandika barua Kigoma. Emelyne hakumtazama. Aliomba aonyeshwe hiyo picha ya kumi na saba. Ikatolewa kwenye faili. Akaiweka mezani, akaiweka na ile yangu kando yake, akainama.

"Ndiye huyu?" akaniuliza.

"Ndiye."

Alitazama moja, akatazama nyingine, akarudi tena.

"Hata sasa simuoni," akasema. Kisha akainua uso. "Nani alimfanya hivi?"

Bwana Zakayo akafungua mdomo. Nikamtangulia, maana nilijua atatafuta neno zuri. "Nywele alinyoa dada huyu," nikasema. "Shanga alikata bwana huyu. Poda nilimpaka mimi, na picha nilipiga mimi."

"Asante, mama," Emelyne akasema.

Kwa maisha yangu yote nimetukanwa na wateja walevi, na maharusi, na mume, na hakuna neno lililowahi kuniuma kama asante ile. Hakuisema kwa kejeli. Alikuwa ameuliza, akajibiwa, akashukuru alivyofundishwa kwao.

Treni ilikuwa Jumamosi. Nilimkatia tiketi, nikamwandikia nyuma ya picha jina la Aline na jina lake na maelezo yote kwa herufi kubwa, asomewe na yeyote atakayemkuta kambini. Picha ile safi ya kumi na saba nilimpa pia. Aliirudisha. Alisema haitamsaidia.

Zile nyingine kumi nilizoacha Karema zilitambuliwa saba ndani ya wiki moja. Wale watoto thelathini na wawili ambao sikuwapiga walivyokuja, haikuwezekana tena kuwapiga hivyo. Nywele ziliota, wakanenepa kidogo, shanga zilikuwa zimechanganyika zote kwenye kopo moja la maziwa.

Niliandika Kigoma mara tatu, kambi mbili tofauti. Sijapata jibu.

Mwezi wa kwanza Bwana Zakayo akanitumia nakala ya ripoti niibandikie picha, kwa kuwa mashine yake ya ofisini haikuweza. Ilipigwa chapa vizuri, kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa nne ulisema kwamba kwa njia ya picha watoto kumi na tisa wamerudishwa kwa wazazi wao. Chini yake ziliorodheshwa namba zao, na kumi na saba imo.